Ubao Begani

Karakana ya fundi huyu wa magitaa ya umeme ilisajiliwa Kalamazoo, Michigan, tarehe 3 Mei 1988. Hamruhusu mteja kuchagua mbao kwa macho. Huugonga ubao kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa karibu, kisha huufunga mkanda na kumvika mteja begani, asimame nao huku yeye akiendelea kupiga randa. Wiki iliyopita alimvika ubao wa mahogani Darlys Hoekstra, mpiga gitaa aliyepasuliwa bega na ambaye kwa miaka miwili hajapanda jukwaani. Darlys alitaka mwili mzima wa gitaa uwe wa mahogani, kama gitaa lake la zamani.

"Fundi, nimekuja kununua gitaa, si kupakua meli," alisema, jasho likimtoka.

"Ndiyo sauti uliyoitaka, dada. Nzito."

"Naitamani hata usingizini."

"Ukifika wimbo wa pili utalitua."

Darlys alifuta macho kwa mkono usiouma. Fundi akaweka randa chini, akapanda ngazi na kuteremsha kutoka darini ubao mwepesi wa mti wa eshi, wa enzi za kabla wadudu hawajaimaliza miti hiyo. Ulikuwa umechorwa umbo la gitaa kwa penseli, na ndani yake jina la fundi mwenyewe. Aliugonga, akausikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mwili uwe wa ubao huu, shingo ya mahogani. Sauti yako itarudi," alisema, akausugua mchoro kwa msasa mpaka ukafutika.

Jumatatu ataukata kwa vipimo vya Darlys.