Siku Tulipouza Sauti ya Mwalimu

Mume wangu watu wanamwita Injinia, ingawa uinjinia wenyewe aliuacha chuoni kabla haujamzoea. Ni mpole, mcheshi, mzembe kupita kiasi. Ukimwachia nyumba, ukirudi unakuta bomba linamwagika na paka wa jirani amezalia jikoni. Nasema haya mapema usije ukadhani nakusimulia habari za tapeli. Tapeli ningemwacha zamani. Huyu sikumwacha, na hadi leo nikitoka naye barabarani natembea nikiangalia chini.

Studio yetu ya gemu ilikuwa chumba chetu cha kulala. Asubuhi tunasimamisha godoro ukutani, tunaingiza meza, kompyuta zinawashwa, na tunaanza kugombania feni. Injinia aliandika programu, mimi nilishika mambo ya sauti. Gemu letu lilikuwa la watoto wadogo: vifaranga wametawanyika uani, mvua inakuja, mtoto anawahesabu na kuwaingiza bandani. Hesabu ikienda kombo, sauti ya mama inamtuliza na kumwambia arudie. Basi. Hakuna bunduki wala zimwi, na watoto walilipenda hadi wazazi wakawa wananyang'anywa simu zao.

Walichopenda ni ile sauti, tusidanganyane. Ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alifundisha chekechea tangu ujana wake hadi alipostaafu, na mtaa mzima umepita mikononi mwake, kuanzia fundi viatu hadi daktari wa meno. Mijibaba yenye vitambi ikimwona inaficha sigara. Wote wanamwita Mwalimu, nami pia.

Tulimrekodi ndani ya kabati la nguo, maana makoti yanazuia mwangwi. Alikaa kwenye kigoda, gauni langu la harusi likimgusa kichwa, nikamwonyesha maikrofoni. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Sasa hapa naongea na nani?"

"Na watoto, mama. Watasikia baadaye."

"Weee! Mimi nimsifie ukuta? Niletee mtoto."

Watoto wote walikuwa shuleni. Kubembeleza hakukusaidia, nikamvuta Injinia na ndevu zake, nikamkalisha sakafuni mbele ya kabati, miguu ameikunja kama wa chekechea. Mwalimu akaanza.

"Vifaranga watatu, wakaja wawili. Wapo wangapi?"

"Saba, mama," Injinia akakosea makusudi.

"Hapana. Jaribu tena, mwanangu. Usiogope, nipo hapa."

Nilicheka mpaka vipokea sauti vikanivuka masikioni. Nilipovirudisha nikanyamaza. Mle ndani nilimsikia mama anayeongea na mtoto wake wa kumzaa, hana habari na gemu wala mashine. Tuliendelea hivyo wiki nzima, Injinia anakosea, mama yake anamvumilia. Kila neno mle ndani aliambiwa yeye.

Wapinzani wetu walikuwa kampuni moja kubwa yenye jengo la vioo ng'ambo ya mji. Mkuu wao tulimwita Bwana Vioo. Gemu zao zilikuwa na rangi nyingi na hazina roho. Walituiga mara kadhaa, watoto wakawakataa. Basi wakaja kununua. Wakati huo kompyuta moja ilikuwa imeungua, umeme ulikuwa unakatwa ovyo, na Injinia alikuwa amechoka, anasinzia akiwa na kijiko mdomoni. Sikumlaumu kwa kuuza. Hata sasa simlaumu kwa kuuza.

Kilichoniua ni kile kikao. Mwanasheria wao, kijana mstaarabu, alimaliza kusoma mkataba, akauliza kwa upole kabisa, "Tunachukua kila kilichomo. Kuna chochote mngependa kibaki kwenu?"

Injinia akafikiri. Jamani, alifikiri! Nikamwona anakuna ndevu. Halafu akasema, "Kiti changu."

Kiti chenyewe spring zimetokeza, ukikaa vibaya kinakuchoma. Watu wa vioo wakacheka, wakasema chukua tu, ndugu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza kwa aibu, nikidhani aibu yenyewe ndiyo hiyo ya kuomba kiti. Kwamba mama yake yumo ndani ya mkataba ule, halikumpitia mtu kichwani. Akatia saini, tukapiga picha.

Tukahamia nyumba yenye nafasi, Mwalimu tukaja kukaa naye. Siku moja jioni, tuko sebuleni, yeye anachambua mchele, fundi viatu akabisha hodi. Akaingia amekunja kofia mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo?"

"Mwalimu, nimekuja kukuomba uniruhusu niache."

"Uache nini?"

"Kucheza. Kila nikishindwa nataka kuacha, wewe unaniambia nirudie."

Mwalimu akamtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa. Fundi akaona haya, akatoa simu, akabonyeza. Gurudumu la rangi likazunguka, likasimama pabaya. Na pale sebuleni kwetu, kutoka kwenye kisimu kilichopasuka kioo, mama mkwe wangu akasema, "Jaribu tena, mwanangu. Usiogope, nipo hapa."

Kamari! Watu wa vioo walishawatupa vifaranga, wakabaki na sauti.

"Najua ni mashine, Mwalimu," fundi akasema. "Lakini kidole kinatii kabla sijafikiri. Nimeshauza cherehani ya viatu. Mke wangu hajui."

Mwalimu akaweka ungo chini. Kwanza alidhani kuna mwanamke anayemwigiza. Halafu akageuza kichwa taratibu, akamwangalia Injinia. Mume wangu alikuwa amejikunyata kwenye kochi, uso umemshuka, hana pa kuuweka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Ndiyo ile ya kabatini?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mama."

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Kesho yake Injinia alikwenda kwenye lile jengo, mimi nikiwa nyuma yake. Alimwomba Bwana Vioo amrudishie sauti, achukue chochote kingine. Aliomba vibaya, anababaika, jasho linamtoka. Bwana Vioo alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Ndugu yangu, tulinunua kila kilichomo, na wewe ulikubali. Mama ana sauti nzuri sana. Msalimie."

Nilimtukana. Sitaki kurudia nilichosema, ila mlinzi alinisindikiza hadi getini, na pale getini na yeye alikuwa na simu mkononi, gurudumu linazunguka.

Habari zikaenea mtaani. Mwalimu akienda sokoni, muuza mboga anamtania, "Mwalimu, niambie basi nijaribu, leo huenda nikapata!" Wengine wanacheka. Wengine, na hao ndio waliomuumiza, hawacheki. Wanamkwepa kama mtu anayewadai. Akaanza kununua kwa kidole. Anaonyesha nyanya, anaonyesha vitunguu, anatoa pesa, anaondoka kimya. Mwanamke aliyefundisha mtaa mzima kusema "naomba" na "asante"!

Ndipo siku moja akavaa kanga yake nzuri, akamwambia Injinia, "Nipeleke kwa fundi." Tukaenda sote. Fundi alikuwa kibandani kwake, viatu vya watu vimejaa vumbi, ameinamia simu. Mwalimu akasimama mbele yake.

"Iweke chini hiyo. Nenda nyumbani kwa mkeo."

Fundi akainua macho, akaona ni yeye, akasimama kwa heshima. Gurudumu likasimama pabaya. Simu ikasema maneno yake yale yale, kwa sauti ya Mwalimu ya zamani, ya kabla kikohozi hakijamkwaruza koo, laini, yenye subira yote ya dunia.

"Nimesema acha!" Mwalimu akafoka, sauti ikamkatika katikati.

Fundi akamtazama Mwalimu, akatazama simu. Machozi yakamtoka, jamani, mtu mzima. Na kidole kikabonyeza.

Mwalimu hakumkasirikia. Alisimama kidogo, akakohoa, akaniambia mimi, si mwanawe, "Hata mimi ningemsikiliza yule."

Tukarudi nyumbani. Watu waliotusalimia njiani niliwaitikia mimi peke yangu. Injinia alitembea nyuma yetu, na sikugeuka kumtazama, maana nilijua nikimwona vile nitamhurumia, na siku ile sikutaka kumhurumia.

Injinia amejaribu kufidia kosa lake kwa kila njia. Anamfulia mama yake, anampeleka hospitali, anamsomea magazeti. Mwalimu anapokea, anashukuru, hata utani anamtania mara mojamoja. Mgeni akija anaona familia yenye furaha. Ila juzi, tukiwa mezani, Injinia alishindwa kujizuia.

"Mama, mbona siku hizi huniiti mwanangu?"

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akafungua mdomo, nikaona kabisa anataka kulisema neno lile, midomo imeshajipanga. Akaufunga.

"Silisemi tena," akasema. "Nikilisema naona nawafanyia kazi wale watu wa vioo."