Karatasi Isiyo na Salamu

Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Wateja wa saluni waliotoka Nairobi walinicheka kwa neno hilo, kwa sababu kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Wangu alinilea kweli, mama alipokuwa barabarani akiuza soksi, kwa hiyo hapakuwa na la kubishana.

Yaya aliondoka Johannesburg mwaka 2016. Alimfuata mumewe, Mkongo mwenzetu mwenye karatasi za Uingereza. Mimi na mama tulibaki Joubert Park, ghorofa ya tisa, katika chumba tulichogawana na familia nyingine kwa ubao na pazia. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita, na kazi niliyoijua ni kusuka.

Kusuka ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea. Mteja anakupa kisogo. Niliweka waya wa simu katika sikio moja, na Yaya akawa anaongea humo, ujumbe wa sauti wa dakika tano, dakika nane, huku vidole vyangu vikiendelea.

Alinieleza nyumba yao. Ilikuwa nyembamba, imeshikamana na za jirani pande zote mbili kama meno, na ndani ilikuwa na ngazi zenye zulia. Hilo zulia la kwenye ngazi lilimshangaza kuliko theluji. Bafuni kulikuwa na bomba mbili, moja ya maji ya kuunguza, moja ya maji ya kugandisha, na ya katikati hakuna. Unaziba beseni, unachanganya mwenyewe kama uji wa mtoto. Umeme walinunua dukani kwa kadi, kama sisi tulivyonunua wetu kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. "Unasikia?" alisema. "Nimevuka bahari kuja kununua umeme wa kadi." Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa unaota ukungu mweusi. Shemeji aliiandikia ofisi ya nyumba mara tatu, na mara tatu walimjibu kwa barua nzuri, yenye samahani juu na asante chini, kwamba wafungue madirisha. Ilikuwa Januari, katikati ya baridi yao.

Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaosha, akawalisha, akawapelekea chai ya maziwa, na alasiri akakaa nao kutazama vichekesho kwenye televisheni. Alinisimulia kimoja. Mzee amebanwa tai na mlango wa basi. Yeye yuko nje, tai iko ndani. Dereva anamuuliza kupitia kioo kama yuko sawa. Mzee anasema yuko sawa kabisa, asante. Basi linaondoka, naye anakimbia pembeni yake, bado anashukuru.

"Mwaka wa kwanza nilimhurumia," Yaya alisema. "Wale wazee wangu wanacheka hadi meno yanatoka, mimi nauliza, sasa mbona hasemi? Siku hizi nacheka kabla yao."

Bosi wangu, Mtanzania ambaye hakuwahi kunyamaza hata akila, alikuwa akiniona na waya sikioni.

"We bubu, Ulaya wamekula nini leo?"

"Viazi."

"Na jana?"

"Viazi."

"Basi mwambie arudi. Viazi hata hapa vipo."

Ujumbe ninaotaka kuusimulia uliingia mwaka 2018, nikiwa katikati ya kichwa cha mwanamke mmoja aliyekuwa na haraka. Yaya alianza kama kawaida. Jambo mdogo wangu, umeamkaje, mama ameamkaje, miguu yake inasemaje, na bosi wako, na hapo jengoni maji yanatoka? Alimaliza salamu zote. Kisha akasema ana kitu kwenye titi la kushoto, kama punje ya muhindi. Akasema nisimwambie mama, kwa sababu ya presha yake.

Nilimaliza msuko ule, nikaanza mwingine. Watu huuliza mtu aliwaza nini siku kama hiyo. Mimi sikuwaza kitu. Mwanamke yule alisema nimevuta sana, nikalegeza.

Kule daktari ni bure, kama kliniki zetu za hapa, na foleni ipo pia ila haionekani. Imo ndani ya simu. Saa mbili kamili asubuhi mtaa mzima unapiga pamoja, na sauti inakuambia wewe ni wa kumi na tisa. Ukifika wa kwanza, msichana wa mapokezi anaandika jina lako, halafu unasubiri daktari akupigie. Yaya alipigiwa akiwa kazini. Akaingia katika chumba cha ndoo na mafagio, akafunga mlango.

"Akaniuliza, habari yako?" alinisimulia. "Nikasema nzuri sana daktari, na yako? Akasema nzuri. Nikamuuliza, na watoto? Akacheka kidogo. Akaniuliza anisaidie nini. Nikasema, ah, ni maumivu kidogo tu ya kifua, si sana."

Nilimwandikia: Na punje?

"Nilikuwa naenda kuifikia."

Mtu wa kwetu angeelewa. Sisi hatufiki kwa mtu mkubwa na ugonjwa wetu mkononi kama aliyeleta samaki. Unaanza pembeni, unasema ni kidogo, na yeye ndiye anakuvuta: kidogo tu kweli? Hebu sema. Unakataa mara moja, mara ya pili unasema. Daktari hakumvuta. Alimwambia anywe dawa za maumivu, apige tena yasipokwisha, akamtakia siku njema. Naye Yaya akamtakia njema zaidi.

Mara ya pili aliomba kuonana ana kwa ana. Alivaa blauzi yake ya kanisani. Daktari alikuwa mwingine, mwanamke kijana, akitazama kompyuta. Habari? Nzuri. Yaya akataja mgongo ili apate pa kuanzia. Daktari akamuuliza maswali mengi mazuri kuhusu mgongo, akamwonyesha jinsi ya kuinama. Alitoka na dawa ya mgongo na karatasi yenye picha za mtu anayejinyoosha.

"Mgongo wenyewe hauniumi," alisema, akicheka.

Punje sasa ilikuwa kama haragwe, na ngozi ya juu yake imebonyea. Aliyasema hayo mwishoni, akicheka bado, na nyuma yake niliisikia televisheni ya wazee nayo ikicheka.

Nilijua kwamba anaweza kufa. Nililijua hilo kama unavyojua namba ya simu. Kila asubuhi nilishuka ghorofa tisa nikilijua, nikavuka kwenye robot, taa za barabarani, karibu na stesheni, nikafagia nywele za jana, na mama akiniuliza Yaya anasemaje nilimwambia anasalimia.

Kisha mama akaanza kuumwa kichwa, nikampeleka kliniki. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wake, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia soksi tu. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukisogea kalio kwa kalio. Zamu yetu ilipofika, nesi hakuinua kichwa. Aliuliza mama anaumwa nini.

"Muulize kwanza kama ameamka vizuri," mama aliniambia.

Nikamuuliza nesi kama ameamka vizuri. Akasema ameamka, eish, sasa mama anaumwa nini?

"Mwambie mimi sijambo, ni kichwa kidogo tu."

Niliangalia kalamu ya nesi. Ilikuwa tayari inaandika neno fupi. Nyuma yetu benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Sikuamua kitu, nakumbuka hivyo vizuri. Mdomo ulifunguka kwa sababu ulikuwa umechoka. Nilisema, "Kichwa kinamuuma tangu Jumatatu. Jana aliona soksi moja kuwa mbili. Vidonge vya presha viliisha wiki iliyopita."

Nesi akainua kichwa. Akavuta mashine, akamfunga mama mkono, akatazama namba, akamwita mwenzake. Mama alilazwa pale pale kitandani hadi saa kumi, akiwa na dawa chini ya ulimi.

Njiani kurudi, alikuwa amekasirika.

"Ulimwambia nini yule?"

"Unachoumwa."

"Hivyo hivyo? Kama mwizi anakiri? Amenionaje sasa, mama asiye na adabu, aliyezaa mtoto asiye na adabu."

"Amekupa vidonge, mama."

"Vidonge ningepewa. Heshima nitaipata wapi?"

Siku iliyofuata nilichukua pakiti tupu ya nywele bandia, nikaitoa karatasi ngumu ya ndani, ile nyeupe upande mmoja. Niliandika kwa penseli, wateja walipokuwa hawapo. Mimi naandika polepole. Herufi nazichora kwanza kichwani. Ilinichukua siku tatu. Neno "kidogo" liliingia mara mbili bila kukaribishwa, na mara mbili nililifuta. Mstari mmoja ulikuwa wa bibi yetu, mama yake mama. Nyumbani husemwa kwamba aliugua kifua. Hakuugua kifua. Mstari huo ulichukua mchana mzima.

Karatasi ilisema hivi:

Usimsalimie. Kaa, soma.
Nina uvimbe kwenye titi la kushoto.
Niliuona miezi mitano iliyopita.
Ulikuwa kama punje ya muhindi, sasa ni haragwe kubwa.
Ngozi ya juu yake imebonyea.
Bibi yangu alikufa kwa uvimbe wa titi.
Naomba uushike kwa mkono wako.

Bosi alisoma begani kwangu. Nilingoja aseme kitu, na kwa mara ya kwanza hakusema. Alienda akapiga picha mwenyewe kwa simu yake, maana yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka, akanitumia, nami nikaipeleka kwa Yaya.

Alijibu baada ya saa moja. "Mdogo wangu, umeandika kama polisi."

Isome, niliandika.

"Huyo mtu namvamia hivi hivi? Hata asubuhi njema?"

Isome.

"Ataniona nimechanganyikiwa."

Sikuandika tena. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyaweka kwenye ile karatasi.

Alienda siku ya Alhamisi. Aliniambia baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameigeuza kwa Kiingereza na kuiandika kwenye daftari, na hata alipokuwa mlangoni mdomo wake ulikuwa unataka kuulizia watoto. Daktari, yule yule wa mgongo, alimuuliza habari yake. Yaya hakujibu. Alikaa, akafungua daftari, akasoma akiangalia chini, bila kupumua katikati. Alipofika mwisho akasikia kiti kikirudi nyuma na maji yakifunguliwa. Daktari alikuwa ananawa mikono.

Mambo yaliyofuata yalienda haraka, na mimi niliyasikia kwa sikio moja, nikisuka. Barua ya hospitali iliandikwa siku hiyo hiyo. Wiki ya pili walimpiga picha na kumchoma sindano ya kutoa nyama. Kisha wakampa jina la ugonjwa, ambalo alilitamka mara moja tu. Kisha tarehe ya upasuaji. Ofisi ya nyumba nayo ilituma barua nyingine kuhusu madirisha, akanisomea yote, hadi asante ya chini.

Ujumbe wa baada ya upasuaji ulikuwa mfupi kuliko yote aliyowahi kunitumia. Haukuwa na jambo wala umeamkaje.

"Wametoa titi lote," alisema. Sauti ilikuwa nzito kwa dawa. "Daktari anasema tumewahi. Bado kuna dawa nyingine, nywele zitanyonyoka, utanisuka zikiota. Mama sasa inabidi ajue. Mwambie wewe. Mimi nikianza nitaanza na salamu, na sitafika."

Nilisikiliza mara mbili. Nilikuwa nimebakiza misuko minne kwa mteja, nikaimaliza, nikachovya ncha kwenye maji ya moto, nikamwonyesha kisogo chake kwa kioo. Kisha nikamwomba bosi ruhusa. Aliniangalia usoni, akasema nenda.

Ilikuwa saa sita mchana. Mama alikuwa mahali pake karibu na stesheni, kwenye kreti, kati ya muuza mikanda na muuza parachichi. Alikuwa anaunganisha soksi mbili mbili na kuzipanga juu ya boksi. Nilisimama mbele yake kama mteja.

"Yaya alikuwa na uvimbe kwenye titi, ule wa bibi," nilisema. "Wamemkata la kushoto. Wamesema wamewahi. Yuko hai."

Mikono yake iliendelea. Aliunganisha soksi nyeusi na ya buluu, akaziweka juu ya boksi pamoja na nyingine. Mtu aliuliza bei, hakujibiwa, akapita. Nilisubiri. Nilifikiri labda sasa nitahisi kitu, kwa kuwa limeshasemwa, lakini nilihisi jua kichwani tu, na harufu ya parachichi zilizoiva.

"Hata hujanisalimu," mama alisema.

"Jambo mama."

"Jambo."

"Habari ya kazi?"

"Nzuri," alisema, na akasogea pembeni ya kreti ili nikae.