Dole Gumba Uvunguni mwa Pijo

Jumapili ikishapita saa nane mchana, uchochoro wa nyuma ya Mtaa wa Sikukuu siku hizi uko kimya. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kelele. Serikali ilikuwa imekataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa hiyo, ili kubana mafuta, na mwenye gari aliyejali gari lake hakuliacha lilale bure: alilipeleka kwa Shaibu mapema, akarudi kwake kwa miguu. Kisha patasi ilianza kula lami ya uvunguni, krr, krr, mpaka adhana ya magharibi. Majirani waliongeza sauti za redio, basi. Kelele ilipokoma, wiki ya kwanza walidhani anaumwa.

Shaibu alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mabega mapana, na kazi yake yote ilikuwa chini ya magari. Injini hakuzijua wala hakuzitaka. Magari mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo ya zamani yalitakiwa yaishi, na chumvi ya hewa ya Dar es Salaam huanza kulila gari kutoka chini, mahali ambapo mwenyewe hatazami. Shaibu alitazama. Gari lilisimamishwa juu ya shimo alilolichimba kwa kimo chake. Akiwa humo, alibandua lami kuukuu kwa patasi iliyopashwa moto, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akaosha kwa mafuta ya taa na maji ya sabuni, akaliacha gari siku nzima likauke. Ndipo alipopaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake lami mpya. Kabla lami haijakauka, alibonyeza dole gumba la kulia nyuma ya tairi la kushoto. Hakuwa na kibao wala muhuri. Lile dole ndilo lilikuwa jina lake.

Desemba ya mwaka 1981 Melkiori, muuza sufuria wa Kariakoo, alileta Pijo yake iliyoingia nchini kabla ya Uhuru. Kila Krismasi aliipandisha Rombo na mke na watoto watatu. Mchaga asiyepanda nyumbani Desemba huulizwa maswali.

"Fundi, habari za Jumapili?"

"Salama, Mangi. Umeleta basi lako?"

"Basi gani? Huyu ni mwanangu wa kwanza. Mtazame tumbo. Alhamisi tunaondoka."

Shaibu aliingia shimoni. Nyuma ya tairi la kushoto alikutana na dole lake mwenyewe, la miaka minne nyuma. Aligonga kando yake. Lami ililia kama kopo tupu. Alipotia patasi, ilizama mpaka kwenye mpini, na kipande kikamwangukia kifuani kama ukoko wa wali ulioungua, kikiwa na unyevu. Kupitia tundu aliona zulia la mpira ambalo watoto wa Melkiori huweka miguu juu yake.

Akakumbuka. Ilikuwa masika, jua halikutoka, na Melkiori alilitaka gari lake Jumatatu asubuhi. Shaibu alilifuta kwa gunia, akapaka hivyo hivyo. Lami iliyopaswa kuyazuia maji ilikuwa imeyafungia ndani kwa miaka minne.

Polycarp, dereva wa lori aliyekuwa akipoteza Jumapili yake pale, aliinama ukingoni, akachungulia.

"Duh! Paka lami, fundi, tukanywe kahawa. Kwani Mangi ataingia uvunguni na suti?"

Shaibu alikuwa akiipima njia ya Rombo: Chalinze, Segera, Korogwe. Lami mpya ingeshika mpaka Korogwe, pengine Same. Alipanda juu, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akatembea kwa miguu mpaka Magomeni kwa Melkiori. Candida, mke wa Melkiori, alimkaribisha chai.

"Mangi, gari lako limeoza chini."

"Nani kaliozesha?"

"Mimi."

Candida alibaki na birika mkononi.

"Labda yule wa Ilala aliyebadili springi," alisema Melkiori.

"Dole langu liko pale. Gari nililipaka likiwa bichi."

"Sasa Shaibu, si ungepaka tu? Ningejuaje?"

"Ungejua Korogwe."

"Nyuma wanakaa wanangu," alisema Candida. Akamimina chai. "Kunywa, inapoa."

Madukani hakukuwa na bati. Shaibu alikwenda nyumbani akalikata pipa la maji.

"Na maji tutaweka wapi?" aliuliza mkewe, Mboni.

"Kwenye ndoo."

"Ndoo ipi?"

Ndoo kweli hawakuwa nayo. Candida alileta sufuria kubwa ya shughuli. Viraka vilipigwa ribiti, gari likakaushwa siku mbili. Familia iliondoka Ijumaa badala ya Alhamisi, ikafika.

Melkiori hakuweza kulinyamazia jambo lile. "Shaibu ndiye aliyeliozesha gari langu," aliwaambia wateja, "na ndiye aliyekuja kuniambia." Wengi waliondoka na nusu ya kwanza.

Shaibu hakuwasubiri wenye magari waje kumuuliza. Masika yale alikuwa amepaka magari kumi na moja mengine, na aliyakumbuka yote. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Nataka kulitazama dole langu." Kazi mpya alizikataa. Kila Jumapili alikwangua gari moja bure, na usalama wa kila moja haukujulikana mpaka likwanguliwe. Matatu yalikuwa yameoza. Manane yalikuwa mazima.

La mwisho lilikuwa Moris ya Theopista, nesi wa Ilala. Lilikuwa zima kabisa. Shaibu aliliacha siku mbili juani, jua lenyewe la kabla ya masika, ndipo akapaka.

Theopista alichungulia nyuma ya tairi la kushoto. "Mbona hujaweka dole?"

"Nimeshafuta mkono. Dole halioni kilicho chini ya lami."

Jumapili iliyofuata shimo lilikuwa limefukiwa.

Shaibu sasa yuko Kitangari, wilaya ya Newala. Ana mikorosho arobaini na baiskeli.