Nguo za Kijani za Tororo

Moshi ndio ulionitoa Busia. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo upande wa Kenya, na kila upasuaji tunaofanya huacha mfuko uliojaa taka: gauni za karatasi, mashuka ya karatasi, kofia, vifungashio vya plastiki, vyote vya kutumika mara moja tu. Tunavichoma katika tanuri nyuma ya hospitali. Moshi wake huingia kwa majirani. Wiki ile Mama Auma, ambaye ukuta wake umepakana na wetu, alikuja getini amembeba mjukuu wake ambaye kifua kilikuwa kinamkoroma.

"Sista Nafula," akaniambia, "mnaponya watu mbele, mnatuua nyuma. Mkiendelea na hilo tanuri, tutalala barabarani, ambulensi isipite."

Alikuwa hatanii. Daktari wetu mkuu alikuwa amesikia kwamba kuna hospitali ya misheni huko Tororo inayotumia nguo za kitambaa, zinazofuliwa na kutumika tena. Akanituma nikajionee. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini nilijua nikikataa hataenda mtu.

Asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu, nikipita kando ya malori yaliyosimama foleni huku madereva wakipiga mswaki. Upande wa Uganda nikapata gari dogo la Tororo. Sina mengi ya kusimulia kuhusu njia, kwa kuwa nililala tangu tulipouacha mji. Mashimo ndiyo yaliyoniamsha. Milima ya Osukuru ilikuwa imetokea mbele yetu, imefunikwa na mawingu, na mvua ilikuwa inanyesha kwa namna ya mvua isiyo na haraka ya kwenda popote.

Tororo nilipokewa na Athieno, msimamizi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mpole wa rika langu, aliyeniita nyabo, yaani bibi, kwa Kiswahili cha kwao.

"Karibu, nyabo. Wewe naonekana umechoka sana. Kunywa chai kwanza, kazi hapana kimbia."

Baada ya chai akanionyesha gauni zao: pamba nzito ya kijani, zilizoshonwa na fundi wa sokoni, nyingine zina viraka. Zikishafuliwa na kukauka hufungwa vifurushi, kisha huingizwa katika mtungi wa mvuke unaoua vijidudu. Hata gesi ya nusu kaputi wameipunguza.

"Mama wa kupasuliwa tunachoma sindano ya mgongo," alisema. "Ile gesi tunawekea mwenye hawezi bila hiyo. Gesi natoka kwa dirisha, naenda juu, naharibu hewa ya watu wote."

Nilifurahi. Nilikwisha kuona jinsi nitakavyomweleza daktari. Ndipo nikaomba kuona mahali pa kufulia.

Palikuwa na beseni kubwa za saruji chini ya bati, na mwanamke mmoja, Akisa, ameinama juu ya maji mekundu. Mashine ya kufulia ilikufa zamani. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa dawa ya jiki hadi viwikoni.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Nauma," akasema bila kuinuka. "Wao nasema tunaponya hewa. Mimi nasikia mgongo tu."

Nyuma yake nguo zilizofuliwa zilining'inia kila mahali, mbichi. Mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi yake.

Alasiri bodaboda ilimleta mama mja mzito kutoka kijiji cha Kwapa, anatokwa na damu nyingi. Ilibidi apasuliwe mara moja. Athieno alifungua mtungi wa mvuke, akagusa kifurushi, uso ukambadilika. Nguo zilikuwa zimeingia hazijakauka vizuri, zikatoka na unyevu. Kitambaa chenye unyevu hupitisha vijidudu, hata kama kimechemshwa vipi.

"Tumia hizo hizo," daktari wao alisema. "Mtoto nakufa."

"Hapana, Daktari. Tukifunika mama na hii, yeye nakufa wiki ijayo."

Akaenda kabatini, akatoa pakiti ya gauni na mashuka ya karatasi, ile ile ninayoichoma mimi kila siku, akaipasua. Mimi nilisimama kichwani kwa yule mama, nikamshika mkono uliokuwa baridi kama chuma, nikimwambia pumua, mama, pumua. Mtoto alitoka amenyamaza. Walimsugua mgongo, wakamsugua tena, na hatimaye akalia kwa sauti nyembamba. Nilijikuta nami nalia, kwa uchovu au kwa nini, sijui.

"Karatasi ni ya siku kama hii," Athieno aliniambia tukinawa mikono. "Siku ingine yote, hapana."

Kesho yake nilirudi Busia nikiwa nimelowa mvua. Daktari alinisikiliza, akapiga meza kwa furaha.

"Basi tunaanza! Nekesa atafua."

Nekesa ndiye mfuaji wetu wa pekee. Akilini nikamwona Akisa na mikono yake.

"Daktari," nikasema, "tukifanya hivyo tutakuwa tumeutoa moshi kifuani kwa mjukuu wa Mama Auma, tukamtwika Nekesa mgongoni. Atafutiwe msaidizi na glavu ndefu."

"Glavu nitapata. Msaidizi, si mwaka huu."

"Basi damu tutaisuuza sisi wenyewe, kila tunapomaliza, kabla nguo hazijamfikia."

Aliniangalia kama mtu aliyeombwa figo. Akavuta karatasi, akaandika "glavu ndefu", basi.

Fundi alitushonea gauni za kitambaa, na sasa tanuri tunaliwasha mara chache. Mama Auma hajaja kushukuru. Alinikuta sokoni akasema moshi umepungua, haujaisha, na ni kweli.

Siku ya kwanza ya nguo za kitambaa, tulipomaliza upasuaji, wenzangu walitoka kwenda kunywa chai. Sikuwalaumu, nami mgongo ulikuwa unawaka. Nikajaza beseni, nikatumbukiza gauni ya kwanza, maji yakabadilika rangi. Nilikuwa naikamua niliposikia mlango. Alikuwa daktari, amevua saa yake na anaitafutia mfuko.

"Glavu zingine," akauliza, "ziko wapi?"