Nondo za Ghorofa Isiyojengwa

Fundi Sano akifika juu ya paa huvua viatu. Amepita miaka sitini na magoti yamechoka. Ngazi zetu huzipanda kwa kupumzika mara mbili. Lakini akishafika hutembea peku juu ya zege, polepole, kona hadi kona, kwa sababu mahali palipolowa ndani huwa baridi hata jua likiwa kali. Kisha humwaga ndoo ya maji, huketi, na kungoja aone yanaelekea wapi. Wasiomjua humwona mvivu. Kazi hii aliianzia Goma, ng'ambo ya mpaka, akibeba sufuria za lami ya moto, na makovu yake yanatoka vidoleni hadi kiwikoni. Kwao ni Busasamana. Mkewe analima viazi huko, na humwona mwisho wa juma tu.

Jengo letu la biashara lipo njia ya kwenda mpakani. Mbele limeandikwa jina la marehemu mume wangu, Rutagengwa. Alikusudia liwe na ghorofa tatu, akajenga mbili. Juu ya paa bapa aliacha nondo thelathini na mbili zimesimama, tayari kwa nguzo za ghorofa ya tatu, na mji mzima aliuambia kwamba itakuja. Ni miaka sita tangu tumzike.

Maji yalianza kumfikia Olivia, mpangaji wetu wa juu, anayeshona sare za shule. Mwaka juzi nilimwita Sano, naye akasema nondo zikatwe kwanza. Nilimwona hana adabu. Kazi nikampa muuzaji wa rangi nyeupe ya mpira, kwa kuwa ilipendeza ukiitazama kutoka barabarani. Haikumaliza miaka miwili. Ilibanduka kama utando wa maziwa, hasa pale maji yanapotuama. Juni hii Olivia alinionyesha bunda la kitambaa cha buluu lililolowa, akasema bila ukali kwamba mvua za Septemba zikimkuta katika hali hii atahama. Angehama, na mji ungejua kwa nini. Jengo lenye jina letu lingekuwa lile linalovuja.

Basi nikamwita Sano tena. Safari hii nilikuwa nimesoma, nimejiandaa kuchagua. Nilimuuliza kuhusu karatasi za lami zinazobandikwa kwa moto wa gesi, kuhusu saruji iliyochanganywa na mpira, kuhusu rangi ya fedha ya kurudisha jua. Alijibu swali moja moja, kwa subira ya mtu aliyekwisha kuyajibu mara nyingi. Rangi nyeupe haivumilii maji yaliyolala. Ile ya saruji hupasuka zege likitanuka. Hapa zingefaa karatasi za lami, tabaka mbili, na rangi ya fedha juu yake. Kisha akamwaga ndoo karibu na nondo mojawapo. Tuliketi. Maji yalizunguka shina la chuma, yakapungua, yakaacha duara jekundu la kutu.

"Mama Umuhire," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu, "mi naweza kufunika yote. Lakini kila chuma iko mudomo. Jua inaivuta, baridi inairudisha, lami inaachia kidogo kama unywele. Maji haiombi mulango mukubwa."

Nilimwambia nondo zile ni neno la mume wangu.

"Mzee aliacha vyuma ju ya kungoja etaji," alisema, akimaanisha ghorofa. "Etaji haikukuya. Maji ndiyo ilikuya."

Jioni nilimpigia simu shemeji yangu Cedric, aliyeko Kigali. Alisema nondo zikikatwa, watu watasema nyumba ya Rutagengwa imekwisha. Alipoona nimeshaamini maneno ya fundi, akaomba basi zikatwe Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimechoka. Miaka sita watu walikuwa wakiniuliza ghorofa ya tatu inaanza lini, nami nikijibu, "Mwakani." Nililisema harusini, nikalisema mlangoni mwa kanisa. Kinywani mwa mume wangu neno hilo lilikuwa kweli. Kinywani mwangu lilishakuwa uongo, na sisi hatukujulikana kwa uongo.

Nilimwambia Sano akate Jumanne, saa nne asubuhi.

Cheche zilionekana hadi ng'ambo ya barabara. Murekatete, anayeuza vitenge chini yetu, alitoka akatazama juu.

"Mzee Sano, leo unanyoa nyumba?"

"Nanyoa. Lete na bwana yako."

Watu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama tumeuza. Nikamjibu kwamba hatujauza, na kwamba ghorofa ya tatu haitajengwa. Sentensi fupi, lakini ilinimaliza pumzi.

Sano alichimba zege kuzunguka kila nondo, akaikata chini ya uso wa zege, akaziba shimo. Akabandika kipande cha plastiki juu ya zege, na asubuhi akakuta matone chini yake: zege bado lilikuwa na unyevu. Tukangoja siku tano zaidi ndipo akaanza na lami.

Septemba mvua ilinyesha alasiri nzima. Nilipanda kwa Olivia. Cherehani zote zilikuwa zinalia, dari kavu, naye akaniambia anabaki. Usiku nikampigia Sano. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimama, tayari kuja.

"Inavuja wapi, Mama?"

Nikamwambia haivuji popote. Nilitaka tu ajue.

Nikamsikia akiketi tena.

"Mvua ikinyesha, watu wananipigia ju ya kunigombeza tu," alisema. "Donc, basi nalala?"

"Lala, Mzee Sano."