Twiga Aliyepotea Mara Mbili

Wageni kutoka Salgaa walipokuja kijijini kwetu Bahati kumposa binti yangu, msemaji wetu alikuwa ndugu yangu mdogo. Kwetu mposaji hasemi wazi kilichomleta. Husema amepotelewa na mnyama na nyayo zimemfikisha hapa, na mwenyeji hujibu kwa fumbo lake. Ndugu yangu hana subira ya kutunga. Aliiomba simu imwandikie.

"Bro, soma hii. AI imemaliza kazi," aliniambia.

Nikasoma. Twiga mmoja alipotea njia, akafuata harufu ya maua hadi kwenye boma la watu wema. Twiga, Bahati! Hapa anayepotea ni ng'ombe, na hupatikana kwenye mahindi ya jirani. Lakini maneno yalikuwa matamu, siwezi kudanganya, nikamrudishia simu yake.

Baada ya chai mzee wa wageni alisimama, akakohoa, akaanza: twiga wao alipotea njia, akafuata harufu ya maua. Kumbe nao waliiomba simu iwaandikie. Ndugu yangu hakuwa anasikiliza, alikuwa anahangaika kutafuta miwani. Zamu yake ilipofika alisoma neno kwa neno, twiga, maua, boma la watu wema.

Wanawake jikoni waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alichukua kofia yake, akasimama.

"Wazee, kwani tumekuja hapa kuchezewa?"

Binti yangu alikuwa mlangoni, uso umemshuka. Nilisimama. Nikasema twiga simjui, ninayemjua ni mbuzi. Binti huyu akiwa mdogo alikuwa na mbuzi mweusi, na tulipotaka kumuuza alijifungia naye zizini, akasema anayemtaka mbuzi awachukue wote wawili.

"Sasa nyinyi mmekuja wakati mbuzi alishakufa," nikawaambia. "Mtamchukua huyu peke yake, mimi nibaki na zizi."

Nikamtazama binti yangu pale mlangoni, nikaketi. Mzee naye aliketi, akaweka kofia gotini, na mazungumzo yakaendelea hadi tukaelewana.

Wageni walipoondoka, ndugu yangu alijitetea kwamba hata hiyo ya mbuzi mashine ingeitunga, ukiiambia vizuri. Labda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempenda yule twiga kabla hajapotea mara ya pili, kwa hiyo sitajifanya najua mashine itaishia wapi. Ninachojua ni kwamba siku ile mashine haikuwa na binti anayechukuliwa. Nilimwambia hivyo, akanuna, akaenda kutafuta chai iliyobaki.

Binti yangu alinikuta uani nikipanga viti tulivyoazima kanisani.

"Dad, hatujawahi kuwa na mbuzi mweusi."

"Najua."

"Sasa hiyo story ulitoa wapi?"

Nilimsogezea kiti kimoja.

"Niliogopa wataenda bila wewe," nikamwambia. "Nilipoanza kusema, nikaogopa wataenda na wewe."