Kibali cha Kujenga Uwanjani

Nilipostaafu ualimu hapa Handeni nilitaka kitu kimoja tu, kitalu nyumba. Ni ile nyumba ya nguzo za chuma iliyofunikwa nailoni nyeupe, unalima ndani na jua kali linabaki nje. Niliiona Kwashemshi kwa ndugu yangu, imejaa pilipili hoho, nikarudi na wazo hilo hilo tu kichwani. Huku kwetu ni kukavu, mboga inaungua kabla haijajua kwamba imeota. Kati ya nyumba yangu na ya jirani kuna uwanja mpana, uko upande wangu wa mpaka, umefagiwa, hauna hata kichaka. Niliona hapo ndipo mahali pake.

Sikujua kwamba jirani yangu naye anautazama uwanja ule ule kila siku. Mumewe alikuwa ameugua muda mrefu, hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na yeye alikuwa anawaza watu watakaa wapi siku hiyo ikifika. Jambo kama hilo mke halisemi, maana kulitaja ni kama kumharakisha mumewe. Kwa hiyo alinyamaza, na mimi nikamwona ana roho mbaya.

Lazima niseme mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, Korogwe. Wazazi wangu walitoka mbali kuja kukata mkonge, na nyumba tuliyokaa ilikuwa mali ya shamba. Hata banda la kuku baba hakulijenga bila kwenda ofisini na kuvua kofia. Kwetu ruhusa ilikuwa karatasi, na mwenye karatasi haulizwi tena. Ndivyo nilivyokua, na ndivyo nilivyowasumbua wanafunzi wangu miaka yote na barua za ruhusa.

Basi nilikwenda halmashauri kabla sijanunua hata msumari. Afisa mipango miji, binti mpole mwenye sauti ya chini, aliniamkia, akanivutia kiti, akanieleza. Ningetundika neti ya kivuli tu juu ya matuta, nisingemhitaji. Lakini nguzo zikisimama kwenye zege, kwake hilo ni jengo, na jengo linataka kibali. Nilete mchoro unaoonyesha umbali kutoka kwenye mpaka. Nisijenge chini ya nyaya za umeme. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye nailoni yasiingie kwa mtu. Na majirani ninaopakana nao wasaini kwamba wamejulishwa. Nilifurahi kweli, nikaona nimekutana na watu wangu.

Fomu ilikuwa na mstari unaouliza eneo hilo kwa sasa linatumika kwa nini. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mkubwa wa ubaoni: halitumiki.

Jirani wa nyuma alisaini akiwa amesimama. Huyu wa uwanjani aliishika fomu, akaigeuza huku na huku.

"Mwalimu, nailoni hiyo haitatuletea joto?"

Nikamweleza kwamba joto linabaki ndani.

"Na nyoka je? Nyoka wanapenda mahali penye ubaridi na maji."

"Jirani, ni joto au ni ubaridi? Chagua moja."

Hakucheka. Alisema ana kazi jikoni, akaniacha na kalamu yangu mkononi. Nilirudi mara ya pili, nikarudi ya tatu. Hiyo ya tatu alisema mwanga wa nailoni utamuumiza mzee macho. Nilimjibu kwa sauti niliyokuwa nawatolea watoro wa darasa la saba, na mpaka leo naona haya, kwa sababu dirisha la mzee lilikuwa wazi.

Ofisini niliambiwa jirani akikataa anatakiwa aandike sababu. Barua ikapelekwa kwake, naye hakuandika kitu. Siku alizopewa zikapita, kibali kikatoka na muhuri wake. Nilitembea nacho mkononi kutoka halmashauri hadi nyumbani, nikipita njia ndefu makusudi ili nionekane.

Fundi alipoanza kuchimba mashimo ya nguzo, jirani alitoka akasimama mpakani, kanga begani. Aliangalia shimo la kwanza, akaangalia la pili. Lilipoanza la tatu alivuka, akaja mpaka niliposimama.

"Mwalimu, wanaume wakikaa kule, wanawake nitawaweka wapi?"

"Wanawake gani?"

Aligeuka akatazama dirisha la chumba cha mumewe, kisha akaziba mdomo kwa kanga, kama mtu aliyeponyokwa na tusi.

Nilielewa, na nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilimwambia fundi aache kazi nikashindwa kumweleza kwa nini. Marehemu mume wangu mwenyewe tulimlilia pale pale uwanjani. Lakini mjane hukaa ndani, chini, kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Turubai sikuliona lilipofungwa wala lilipofunguliwa. Sikuuona mtaa mzima ukikaa kwenye mikeka uwanjani, wala sufuria za wali zikichemka upande wa jirani, yeye akipakua tangu asubuhi. Halafu mimi huyo huyo nikaandika halitumiki. Nilipotoka ndani baada ya msiba uwanja ulikuwa umeshafagiwa, na sasa nina hakika ni yeye aliyefagia.

Kesho yake nilirudi halmashauri. Nilidhani kusogeza kitu ndani ya kiwanja changu ni hiari yangu. Binti akaniambia, kwa huruma, kwamba kibali ni cha pale kilipochorwa. Nikisogea niandike sababu, nilete mchoro mpya, na majirani wasaini upya. Kwa mara ya kwanza maishani niliikasirikia fomu.

Nilichora kitalu kikiwa kimesogea karibu na ukuta wa nyumba yangu, ambako paa linazuia jua la asubuhi. Kilipungua karibu nusu. Nilijua hoho hazitanipenda hapo, na roho iliniuma, sitadanganya. Penye sababu nikaandika: kuacha nafasi ya watu kukaa.

Nilipompelekea jirani fomu mpya, hakuisoma. Alinishika mkono wote hadi kiwiko, akasema kiwanja chao kina jina la mzee, basi safari hii asaini mwenyewe. Nilitamani niikunje fomu nikimbie. Sababu yangu ilikuwa juu kabisa, kwa herufi za ubaoni, na mzee yule alikuwa seremala maisha yake yote, mtu wa kusoma kila mchoro unaowekwa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo hugombi?"

Alikuwa ameegemezwa mito, amekonda, miwani imekuwa kubwa usoni. Mkewe alisimama mlangoni. Mzee alisoma ile sababu, na mimi nikatazama sakafu. Kisha akashuka kwenye mchoro, akaweka kidole mpakani, akakisogeza taratibu hadi kwenye ukuta wa kitalu.

"Hapa umeacha hatua ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

Alihesabu kimya, midomo ikicheza. Nilijua anawahesabu akina nani: ndugu zake wa Makuyuni, mafundi wenzake, watu wa msikitini.

"Hazitoshi," alisema. "Mimi nina watu wengi."

Mkewe akakaa chini pale pale kizingitini, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu hospitali walipomrudisha mumewe. Mzee akamwacha alie. Alinirudishia fomu bila kusaini.

"Sogeza tena kidogo, mwalimu, halafu uniletee nisaini. Na usikawie."